Prosesa Namba Kumi na Tano

Niliingia Meru nikiwa nimekaa mbele ya lori, miguu juu ya sanduku la nyaya, na nyuma yetu kompyuta kuukuu zimefunikwa mablanketi na turubai. Tulitoka Mombasa alfajiri, tukalala Emali, tukaizunguka Nairobi bila kuingia, tukapita Thika na Makutano, na tulipofika Embu nilikuwa nimeshachoka kuuliza tumebakiza wapi. Dereva, Mzee Athumani, alikuwa mtu wa maneno machache. Pale Embu aliagiza chai, akaitazama barabara ya Runyenjes kama mtu anayemtazama mkwe asiyempenda. “Zile kona za Nithi na mimi hatusalimiani,” akasema. “Tutapita kwa chini.” Kwa chini maana yake ni Siakago, halafu Ishiara, ambako siku hiyo ilikuwa ya soko na magunia ya ndengu yalikuwa yamepangwa mpaka ukingoni mwa lami, na punda walisimama katikati ya barabara bila wasiwasi wowote. Joto la huko lilinikumbusha Pwani, nikadhani nimedanganywa kuhusu baridi ya Meru. Kisha tukavuka mito ya Tharaka, tukaanza kupanda kutoka Mitunguu, migomba ikaongezeka, madirisha yakapata ukungu, na Mzee Athumani akavaa koti bila kusimamisha gari. “Hapa ndipo wanapolima kila kitu,” akasema. “Hata mawe wakiyapanda yataota.” Nilikuja kwa kazi ya mwezi mmoja. Nilikaa mwaka.

Nimeishi miji mingi tangu wakati huo, na mingi nimeisahau. Nikilala Garissa ninaota Kitale, nikiwa Kitale ninatamani Malindi, na nina miaka arobaini na kitu sasa, umri ambao watu wenzangu wameshapanda miti na kuiona ikizaa. Lakini miezi michache iliyopita Mwalimu Kendi alistaafu, akaniita Embu, alikohamia na mumewe. Nilimkuta amenenepa kidogo, mvi zimemjaa, sauti ni ile ile ya kutuliza darasa. Aliniweka katikati ya wageni wake, akanipakulia mukimo na nyama ya mbuzi ambayo ingetosha watu wawili, akasema kwa sauti: “Huyu mnayemwona anakula kama hajala tangu Jumapili, ndiye aliyeniokolea maabara yangu. Na ndiye mtu pekee ninayemwogopa akianza kuhesabu.” Wageni walicheka bila kuelewa. Sisi wawili tulicheka kwa sababu tulielewa, na njia nzima ya kurudi niliuwaza ule mwaka, chumba kwa chumba, sahani kwa sahani.

Aliyenipeleka Meru ni Mama Swaleha. Familia yake ilikuwa ya wasafirishaji, na yeye mwenyewe alikuwa na duka nyuma ya msikiti mjini Meru, katika stoo ambayo zamani iliwekwa magunia ya miraa kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege. Harufu ya majani mabichi ilikuwa haijaisha ukutani. Sasa aliuza kompyuta za mitumba kwa shule na ofisi ndogo. Alinikuta Mombasa, katika saibakafe niliyokuwa nikitengeneza mashine zilizokufa, akasimama nyuma yangu mpaka moja ikawaka. “Umesomea wapi hii?” akauliza. Nikamwambia nimeishia Kidato cha Nne, mengine nimeyasoma kwenye mtandao wakati wateja hawapo. “Basi wateja wa kwangu hawapo mara nyingi zaidi,” akasema. “Njoo Meru.” Ijumaa alipika pilau na kutulisha mafundi wote kwenye sinia moja, na hapo sinia liliposhuka ndipo alipotoa maagizo yake yote ya wiki, maana alijua hakuna atakayeondoka. Ndivyo nilivyopewa kazi ya shule. “Mwanangu,” aliniambia huku akinisogezea kipande cha nyama, “kuna mwalimu juu ya Nkubu ana kichwa kigumu kama changu. Nenda ukamsaidie, na usirudi na sababu.”

Ilikuwa shule ya wasichana, na jina lake litabaki kwangu. Ilikaa kwenye mteremko, bweni juu, shamba la ng'ombe chini, na katikati chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu. Hicho ndicho kilikuwa maabara. Mwalimu Kendi alifundisha hesabu, na kompyuta alijifunza mwenyewe. Wazazi walikuwa wamechanga kiasi ambacho hakikutosha kununua kompyuta kamili kwa kila msichana, kwa hiyo alikuja na mpango wake: seva moja kubwa, kuukuu lakini yenye nguvu, ikae kwenye kona na kufikiri kwa niaba ya wote, na juu ya meza viwekwe visanduku vidogo visivyo na akili, kila kimoja na skrini na kibodi chake, vyote vimeunganishwa na seva kwa waya wa mtandao. Ulikuwa mpango mzuri. Baadhi ya walimu wenzake waliupinga, mkuu wa shule akausaini kwa mkono mzito, na sharti likawa moja. Mkaguzi kutoka ofisi ya elimu angekuja muhula wa pili. Akikuta maabara inafanya kazi na wasichana wote ndani, wale wa Kidato cha Nne wangefanya mtihani wa vitendo palepale. Akikuta haifanyi, somo lingefutwa pale shuleni, na wale wasichana waliosoma kompyuta kwa miaka yote ile wangeingia kwenye mtihani wa taifa wakiwa na somo pungufu. Nilipofika, Mwalimu Kendi aliniambia hayo yote tukiwa tumesimama mlangoni, kabla hata sijaweka begi chini. Kisha akasema, “Sasa karibu uji.”

Wiki za kwanza, ukiacha joto la seva lililoisha tulipoifunga feni mpya, kila kitu kilikwenda sawa. Wasichana walikuwa wakiingia kwa makundi, wakiandika barua za kuomba kazi ambazo hazipo na kutengeneza majedwali ya bei za viazi. Tatizo lilianza siku Mwalimu alipoleta darasa zima kwa pamoja, akawaambia kila mmoja afungue filamu fupi ya jiografia, ile ya volkano. Mlima ulianza kufuka kwenye skrini zote, kisha skrini zote zikaganda. Nilikimbia kwenye kona. Kwenye skrini ya seva kulikuwa na maandishi meupe juu ya weusi, mistari na mistari ya namba, na mwisho wake neno la kusema kwamba mfumo umesimama na hauwezi kuendelea. Kwa asiyejua: ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta kuna sehemu inayoitwa kerneli. Ndiyo inayogawa kazi, inayosema nani atumie kumbukumbu ipi na nani asubiri. Programu ya kawaida ikikosea, inafungwa peke yake na wengine wanaendelea. Kerneli ikikosea, nyumba nzima inazimika. Nikawasha upya. Kesho yake darasa zima liliingia, volkano ikafuka, tukazimika tena. Msichana mmoja wa mbele, Karwitha, aliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko vidole vyake, akasema bila kugeuka, “Fundi, huo mlima wako hautalipuka hata siku moja?” Darasa likacheka. Tangu siku hiyo wakaniita Fundi wa Kuzima.

Nilikuwa chini ya meza ya chumba cha walimu, nikitafuta waya wa mtandao ulioliwa na panya, niliposikia mazungumzo ambayo hayakunihusu lakini yalinihusu. Walimu wawili waliingia na vikombe vyao. “Kendi angenunua hata kompyuta kumi nzuri, tungekuwa na kitu,” mmoja akasema. “Sasa amenunua jeneza.” Mwenzake akajibu kwamba mkuu wa shule ameshapima kile chumba, kitafaa kwa vitanda vya Kidato cha Kwanza. “Na yule kijana wa Pwani?” “Anakula githeri vizuri.” Nilibaki chini ya meza mpaka walipomaliza chai. Sikukasirika kwa ajili yangu, maana kweli nilikula githeri vizuri. Nilichofikiria ni Mwalimu Kendi, ambaye kila asubuhi aliingia kwenye chumba kile kile, akakaa kwenye kiti kile kile, na hakuna siku alinirudishia lawama. Alichouliza ni kimoja tu: “Leo tumejua nini ambacho jana hatukujua?” Nilianza kuogopa swali hilo kuliko nilivyomwogopa mkaguzi. Lilinilazimisha niwe na jibu.

Kwa hiyo nilianza kupiga picha kwa simu kila mfumo ulipoanguka, kwa sababu yale maandishi yalipotea mara tu unapowasha upya. Nilipozipanga picha pamoja niliona kitu. Seva ile ilikuwa na prosesa nyingi ndani yake, yaani bongo nyingi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, na mfumo unaziita kwa namba kuanzia sifuri hadi kumi na tano. Katika kila picha, prosesa iliyoanguka ilikuwa ile ile: namba kumi na tano. Nilimwendea Mwalimu nikikimbia. “Leo tumejua nani,” nikamwambia. Nilikuwa na uhakika kwamba ile prosesa imeungua. Zote zilikuwa zimegawanywa katika vipande viwili vya chuma, kila kipande na nusu yake, kwa hiyo nilifungua seva, nikavitoa vipande vyote viwili, nikavipangusa, nikavipaka ile gundi nyeupe ya kupitisha joto, nikavibadilisha nafasi. Kama ubovu ulikuwa kwenye chuma, sasa ungehamia namba nyingine. Darasa likaingia, volkano ikafuka, tukazimika. Nikasoma skrini: namba kumi na tano. Nilikaa chini sakafuni. Chuma kilikuwa kingine kabisa, ila namba ilikuwa ile ile. Mwalimu Kendi aliinama akasoma pamoja nami, kisha akasema jambo ambalo ni mwalimu wa hesabu tu angelisema: “Basi mgonjwa si prosesa. Mgonjwa ni namba.” Nilidhani ananifariji.

Nilikuwa nimepanga Nkubu, kwa mjane aliyeitwa Mama Nkatha, kwenye vyumba vyake vilivyopangana kwa mstari mmoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, karibu na bomba na banda la sungura. Kwa hao wasioijua nchi ile: wazee wa huko namba saba hawaipendi. Kwa Kimeru ni mugwanja, na ukiitamka ovyo mbele ya mtu mzima anakutazama kama umemwaga maziwa. Mama Nkatha alikuwa mtu wa kanisa na hakukubali kwamba anaiogopa, lakini vyumba vyake vilikwenda moja mpaka sita, kisha nane. Vilikuwa vyumba kumi, na changu, cha mwisho, kiliitwa kumi na moja. Nilikiona kitu hicho siku ya kwanza, nikacheka moyoni, nikasahau. Muhula ule aliamua kupaka milango rangi na kuweka vibati vya namba badala ya makaa. Akaenda kwa seremala wa sokoni, Musyoka, Mkamba wa Machakos aliyehamia Nkubu karibuni, akamwambia atengeneze vibati vya vyumba kumi.

Jumamosi mchana nilirudi kutoka shuleni nimechoka, nikakuta watu wamesimama uani. Mlangoni kwangu palikuwa pamegongomewa kibati kipya kinachong'aa: saba. Mama Nkatha alikuwa ameshika kiuno. “Ondoa! Ondoa hicho kitu kabla mpangaji wangu hajahama!”

“Mama, sasa mimi nimekosa wapi?” Musyoka alikuwa bado na nyundo. “Nimefuata alama zako za makaa, mlango kwa mlango. Nimefika mwisho nikabaki na kibati kimoja na mlango mmoja. Ningekipeleka wapi?”

“Nani alikwambia utengeneze saba?”

“Wewe! Uliniambia vyumba ni kumi. Nikatengeneza moja mpaka kumi. Hata mtoto angetengeneza hivyo.”

“Nilikwambia viko kumi,” Mama Nkatha akasema, akimhesabia maneno kwa kidole. “Nilikwambia vinaishia kumi?”

Majirani walicheka. Mpangaji wa chumba cha nane alinipa pole kama mtu aliyefiwa. Mimi nilisimama na begi begani, nikikikodolea macho kile kibati. Musyoka alikuwa ameambiwa viko vingapi, akadhani ameambiwa vinaishia wapi. Na aliyekosa kibati chake alikuwa mmoja tu, yule wa mwisho kabisa, yaani mimi. Wengine wote wangeishi maisha yao bila kujua kuna kosa. “Mama Nkatha,” nikasema, “Mungu akubariki.” Akaniuliza kama nimepigwa na jua.

Niliingia ndani, nikampigia simu Mwalimu Kendi. Nilikumbuka kwamba mwanzoni kabisa, kabla ya volkano, seva ilikuwa ikipata joto, na nilikuwa Meru mjini nikisubiri feni kutoka kwa Mama Swaleha. Nilimwambia Mwalimu kwa simu azime prosesa moja kwa muda, yoyote ile, na nikamwelekeza pa kuandika ili izimike kila mashine inapowaka. Feni ilikuja, tukaifunga, joto likaisha, sote tukasahau. “Mwalimu,” nikasema, “ile prosesa uliyozima wakati wa joto, uliiwasha tena?”

“Ah! Hapana. Hiyo ilinitoka kabisa.”

“Ulizima ya ngapi?”

Nilisikia kuku wake nyuma. “Ulisema yoyote,” akasema.

“Ndiyo. Lakini ulichagua ipi?”

“Saba,” akasema kwa sauti ndogo, kisha akaongeza haraka, “Fundi, mimi ni mwalimu wa hesabu. Ukimwambia mtu nitakana. Lakini kama ni lazima moja izimwe, na wasichana watafanya mtihani humo, ningeacha saba inawaka nizime nyingine? Mama yangu angenielewa vipi?”

“Lakini Mwalimu, mashine inaanza kuhesabu na sifuri. Saba yake ni ya nane. Ile ya saba yenyewe iko humo inafanya kazi tangu mwanzo.”

Alicheka mpaka akaweka simu mezani, nikabaki nikisikiliza kicheko chake kikizunguka nyumba.

Jumatatu tulikaa wote wawili mbele ya skrini, na mfumo ule ulikuwa wa aina ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Nilitafuta kipande cha maandishi hayo kinachosimamia kadi ya mtandao, kwa sababu filamu zote zilipita hapo. Tulisoma mstari kwa mstari, mimi nikimweleza lugha, yeye akinieleza mantiki. Na hapo tukamkuta Musyoka wetu. Kipande kile, kinapoamka, kinauliza mfumo: prosesa zinazofanya kazi ni ngapi? Mfumo unajibu kwa ukweli: kumi na tano. Basi kinatenga visanduku kumi na tano vya kuwekea mizigo, na visanduku navyo vinaanza sifuri, vinaishia kumi na nne. Halafu kila prosesa inapopata mzigo wa mtandao, inakwenda kwenye sanduku lenye namba yake. Kukiwa na wasichana wachache, prosesa za mwanzo zinatosha, ya mwisho inakaa bure. Darasa zima likiingia na volkano zao, kazi inafika mpaka prosesa ya mwisho, ambayo bado inaitwa kumi na tano kwa sababu kuzima mwenzake hakukuibadilisha jina. Inakwenda kutafuta sanduku lake, sanduku halipo, inauweka mzigo nje, juu ya kitu cha mwingine. Na kerneli inaanguka. “Mgonjwa ni namba,” nikamwambia. Mwalimu Kendi aligonga meza kwa furaha kama mwanafunzi wake.

Tungeweza kuwasha ile namba saba na kwenda nyumbani. Tuliijaribu, na volkano ililipuka kwa mara ya kwanza kwenye skrini zote. Lakini Mwalimu hakutaka kuishia hapo. “Hii mashine ni mzee,” akasema. “Siku ya mtihani prosesa moja ikifa yenyewe, tutarudi pale pale. Sitaki ifanye kazi kwa sababu tu tumeibembeleza. Nataka ifanye kazi hata kama kuna pengo.” Alisema kweli. Nilibadilisha sehemu ile ndogo, kipande kisiulize ziko ngapi, kiulize namba ya juu kabisa inayoweza kutokea ni ipi, kisha kitenge visanduku mpaka hapo, hata kama kimoja kitakaa kitupu. Kilichobadilika hakikuzidi kiganja cha mkono. Nilijenga upya, nikasakinisha, halafu tukaizima tena saba, kwa makusudi, mchana kweupe. Mwalimu aliita darasa zima. Wasichana waliingia wakinong'onezana, Karwitha akanyoosha mkono kabla hajakaa: “Fundi, tuhifadhi kazi zetu sasa hivi au tungoje uzime kwanza?” “Usihifadhi kitu,” nikasema. “Fungueni volkano. Wote.” Mlima ukafuka. Nilisimama karibu na kona nikiisikiliza feni ikipandisha sauti. Mlima ukatetemeka. Nilitazama jedwali la kazi kwenye skrini ya seva na nikaiona namba kumi na tano ikipanda, ikipanda, ikajaa kabisa, na ikaendelea. Kisha chumba kizima kikawa chekundu, moto ukamwagika kwenye kila skrini, na wasichana wakapiga kelele iliyoleta mkuu wa shule mlangoni akidhani kuna nyoka. Mwalimu Kendi hakumweleza kitu. Alimwonyesha tu kwa mkono, kama mtu anayemkaribisha mgeni kwenye meza iliyojaa.

Mkaguzi alikuja, mtu mrefu mwenye kikohozi, akawaambia wasichana wote wafungue kila walichonacho. Wakafungua. Akazunguka, akauliza maswali, akainama kwenye kona akaitazama seva, akauliza mbona inapiga kelele. “Inafanya kazi,” Mwalimu Kendi akasema. Akasaini. Wale walimu wawili wa chumba cha chai walikuja kunisalimia mmoja mmoja, na mmoja wao aliniletea ndizi za kwao, mkungu mzima. Niliupokea kwa mikono miwili. Mwisho wa mwaka wasichana wa Kidato cha Nne walifanya mtihani wao wa vitendo mle ndani, na mashine haikutikisika.

Yale marekebisho niliyatuma kwa watu wanaoutunza mfumo ule, watu wa mbali ambao sijapata kuwaona. Niliogopa Kiingereza changu kuliko nilivyoogopa hesabu yangu, na Mwalimu Kendi ndiye aliyenisahihishia. Baada ya wiki kadhaa lilikuja jibu fupi kutoka kwa mtu ambaye jina lake sikuweza kulitamka: kosa ni la kweli, marekebisho ni sahihi, yameingizwa. Nilisoma jibu lile nikiwa dukani Meru, na Mama Swaleha akanitaka nimsomee kwa sauti mbele ya mafundi wote, mara mbili, Kiingereza kisha Kiswahili. Yule mtu aliuliza swali moja tu mwishoni: ilikuwaje mashine yetu ikakosa namba ya katikati, maana kwao hawajaona jambo kama hilo? Niliandika maelezo marefu, kuhusu wazee na namba saba na milango ya Nkubu. Nikayafuta. Nikaandika: “Mwalimu alichagua.” Hakuuliza tena. Tangu hapo, kila nifikapo mji mpya na kukuta mashine inayotumia mfumo ule, najua ndani yake kuna mistari michache iliyoandikwa kule mteremkoni juu ya Nkubu, kati ya bweni na zizi la ng'ombe. Simwambii mtu. Natembea tu, moyo umejaa.

Ningeweza kubaki. Mkuu wa shule alinipa kazi ya kudumu, Mama Swaleha akanipa duka la pili aliloanza kulifikiria mjini Maua, na Mama Nkatha akaniambia kuna binti wa ndugu yake pale Kaaga, mpole, mfanyakazi wa benki. Lakini mimi, kazi ikishakwisha, miguu huanza kuniwasha. Mtu mmoja alikuwa ameniambia kuhusu hospitali huko Garissa yenye mashine nyingi zilizokufa, na tayari nilikuwa naota njia ya kwenda huko. Siku ya kuondoka nilipanda tena ule mteremko kuaga. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilipofika, somo lilikuwa limeanza, Kidato cha Tatu, chumba kimejaa mpaka mlangoni, na Mwalimu Kendi alikuwa ubaoni amenipa mgongo. Nikasimama dirishani nikisubiri ageuke. Alipogeuka aliniona, akaona begi, akaelewa. Aliinua mkono wenye chaki, akaushikilia juu kidogo, kisha akaurudisha ubaoni akaendelea, maana alikuwa katikati ya mfano. Wasichana walikuwa wakiandika. Hakuna aliyehifadhi kazi yake kila dakika kama zamani, hakuna aliyeitazama kona. Nilibaki pale nikiwatazama, sijui kwa muda gani, mpaka msichana wa kiti cha dirishani alipoinua uso. Alikuwa mgeni, hakunijua hata kidogo.

“Samahani, mzee,” akasema kwa heshima. “Unatuzibia mwanga.”

Nikasogea.